Mtoto Akiuliza, Usimfunge Mdomo



Mtoto wa miaka sita au saba ana maswali mengi. Huuliza asubuhi akienda shule. Huuliza jioni akiwa jikoni na mama yake. "Baba, mbona kivuli changu kimekuwa kifupi?" "Bibi, mbu wanazaliwa wapi?" "Babu, mbegu inajuaje kwamba mvua imenyesha?"

Sisi wazazi mara nyingi hujibu kwa njia mbili. Wengine humfukuza mtoto: "Hebu niondokee hapa, maswali gani hayo!" Wengine humwambia: "Kamuulize mwalimu wako." Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Kazi ni nyingi, na jibu lenyewe pengine hatulijui. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huona haya kumwambia mtoto wa darasa la kwanza, "Mwanangu, sijui."

Lakini mtoto akifukuzwa leo, akafukuzwa na kesho, kesho kutwa haulizi tena. Atanyamaza nyumbani, kisha atanyamaza na darasani. Atakariri maneno ya mwalimu ili ashinde mtihani, basi. Hiyo ni hasara kwake, kwa wazazi na kwa kijiji kizima.

Somo letu la leo ni hili: mzazi hahitaji kujua majibu yote ili amfundishe mtoto mdogo sayansi. Anahitaji kujua namna ya kumrudishia mtoto swali ambalo mtoto mwenyewe anaweza kulijibu kwa macho yake na mikono yake.

SAYANSI NI NINI?

Watu wengi wakisikia neno sayansi hufikiria mashine kubwa, dawa za hospitali, na wataalamu waliovaa makoti meupe. Hayo ni matunda ya sayansi. Sayansi yenyewe ni njia ya kutafuta kujua. Njia hiyo ina hatua nne:

1. Kutazama kwa makini.
2. Kukisia, yaani kusema unavyofikiri itakuwa.
3. Kujaribu.
4. Kutazama tena, na kusema kweli ulichokiona, hata kama si ulichokisia.

Mkulima anayepanda mbegu za aina mbili kwenye shamba moja, kisha akalinganisha mavuno, anafanya sayansi. Mama anajua kwamba maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko yasiyolowekwa. Alijuaje? Alijaribu yeye, au alijaribu bibi yake. Kwa hiyo sayansi si kitu kigeni kwetu. Tunaitumia kila siku bila kuitaja jina.

SHULENI NA NYUMBANI

Mwaka 2015 mafunzo ya darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania yalibadilishwa. Mkazo mkubwa uliwekwa katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Sababu yake inaeleweka. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kufuata somo lingine lolote. Sayansi kama somo linalosimama peke yake huanza darasa la tatu.

Lakini maswali ya mtoto hayangoji darasa la tatu. Tena katika shule nyingi za vijijini mwalimu mmoja ana watoto wengi mbele yake. Hata akiwa mwalimu hodari, hawezi kuchutama na kila mtoto kutazama sisimizi. Mzazi anaweza. Bibi na babu wanaweza. Uani kuna mchanga, maji, wadudu, mbegu, jua na kivuli. Vifaa vyote vipo, wala havinunuliwi.

MASWALI YA MDOMO NA MASWALI YA MIKONO

Katika miaka ya 1960 walimu na wataalamu kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Ghana, Nigeria na nchi nyingine za Afrika walishirikiana kutunga masomo ya sayansi kwa watoto wa shule za msingi. Walitaka masomo yatokane na vitu ambavyo mtoto wa Afrika anaviona nyumbani kwao. Mmoja wao alikuwa Jos Elstgeest, Mholanzi aliyekuwa akifundisha walimu huko Morogoro. Baadaye, katika kitabu kilichotoka mwaka 1985, aliandika kuhusu maswali. Alisema kuna maswali yanayomfanya mtoto atafute maneno, na kuna maswali yanayomfanya mtoto atende kazi.

Sisi hapa tuyaite maswali ya mdomo na maswali ya mikono.

Swali la mdomo ni kama hili: "Kivuli ni nini?" Mtoto hana la kufanya. Ama alikumbuke jibu la kitabuni, ama anyamaze. Swali la mikono ni kama hili: "Kivuli cha kijiti hiki kitafika wapi saa sita mchana?" Hapo mtoto ana kazi ya kufanya. Atakisia, ataweka jiwe, atangoja, ataona.

Haya hapa ni maswali ya mikono ambayo mzazi yeyote anaweza kuuliza:

- Unaona nini? Kuna nini kingine?
- Viko vingapi? Ni kirefu kiasi gani?
- Kipi kimezidi? Vinafanana wapi, vinatofautiana wapi?
- Itakuwaje kama tukifanya hivi?
- Unaweza kupata njia ya kufanya jambo hili?
- Kwa nini unafikiri hivyo?

Tazama, "kwa nini" tumeiweka mwisho. Mtoto aliyekwisha kutazama, kuhesabu na kujaribu, ana la kusema ukimuuliza sababu. Ambaye hajatazama atabahatisha tu, au ataogopa.

Tuchukue lile swali la kivuli. Baba hajui habari za mzunguko wa dunia. Si kitu. Anamwambia mtoto: "Hebu tusimike kijiti hapa uani. Weka jiwe pale ncha ya kivuli inapoishia." Wanafanya hivyo saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja. Jioni mtoto anayatazama mawe yake. Anaona kwamba jua likiwa chini kivuli ni kirefu, na jua likipanda kivuli hupungua. Sehemu nyingi za Tanzania kivuli huwa kifupi kuliko vyote kati ya saa sita na saa saba mchana. Tena liko jambo jingine. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Mwezi Desemba huelekea kaskazini. Weka alama mwezi Juni, usubiri miezi sita, mtaona wenyewe wewe na mtoto.

Onyo: mtoto atazame kivuli, asilitazame jua lenyewe. Jua huharibu macho.

Sasa tuone masomo matatu. Kila moja linatumia maswali ya mikono.

SOMO LA KWANZA: MDUDU WA MCHANGANI

Chini ya upenu wa nyumba, mahali mvua isipofika, mara nyingi utaona vishimo vidogo kwenye mchanga mkavu. Umbo lake ni kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Chini kabisa ya kila kishimo amejificha mdudu mmoja. Mdudu huyu ana majina mengi, kila kabila lina jina lake. Watoto wanamjua vizuri. Yale masomo ya miaka ya 1960 yalikuwa na somo moja juu yake, na jina la somo hilo maana yake ni "Muulize mdudu".

Hebu tusikilize mama na mtoto wake.

"Mama, nani kachimba vishimo hivi?"

"Tuchutame tutazame. Unaona nini?"

"Vishimo. Vingine vikubwa, vingine vidogo."

"Viko vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Je, kule uani kwenye mvua viko?"

Mtoto anakwenda, anarudi. "Hakuna hata kimoja. Vyote viko huku upenuni."

"Haya. Itakuwaje sisimizi akiteleza humo?"

"Atapanda, atatoka."

"Ngoja tuone."

Wanangoja. Sisimizi mmoja anafika ukingoni, mchanga unaporomoka, anateleza. Anajaribu kupanda. Mara mchanga unarushwa kutoka chini, sisimizi anaporomoka tena. Taya mbili zinajitokeza, zinamnasa.

"Mama! Kamla!"

"Wewe ulisema atatoka. Sasa unasemaje?"

"Kumbe kishimo ni mtego. Mama, kwani huyu mdudu anapenda mchanga mkavu tu? Kwenye mchanga wenye maji hawezi kuchimba?"

"Mimi sijui, mwanangu. Tumuulize mwenyewe. Tutamuulizaje?"

Mtoto anafikiri. Halafu anakwenda kutafuta makopo mawili.

Msomaji, hesabu maneno ya mama huyu. Hakueleza kitu chochote. Aliuliza tu. Na aliposema "sijui", mtoto hakumdharau. Badala yake alipata kazi.

Makopo hayo mawili yawe sawa. Yote yatiwe mchanga wa mahali pamoja, kipimo kimoja. Moja liwe na mchanga mkavu, jingine litiwe maji kidogo. Kila kopo litiwe mdudu mmoja, wanaolingana ukubwa. Yote mawili yawekwe mahali pamoja kivulini. Kesho asubuhi mtoto atazame. Sisi hatutaandika hapa kilichotokea. Mdudu mwenyewe atajibu.

Kwa nini tunasema makopo yawe sawa? Kwa sababu hii ndiyo sheria kubwa ya kujaribu: badilisha jambo moja tu, mengine yote yaache sawa. Kama kopo moja liko juani na jingine kivulini, tena moja lina maji na jingine halina, hutajua ni jua au ni maji yaliyoleta tofauti.

Baada ya jaribio, wadudu warudishwe walipotolewa. Mdudu huyu siku moja atajifungia ndani ya mchanga. Akitoka atakuwa na mabawa manne membamba, anafanana na kereng'ende. Mtoto akijua hivyo, hatamkanyaga ovyo.

SOMO LA PILI: MBEGU

Chukua gilasi au chupa iliyokatwa, iwe ya kuonekana ndani. Zungushia ndani yake kitambaa kilicholowa. Kati ya kitambaa na gilasi weka maharage manne. Kitambaa kisikauke, lakini maharage yasielee ndani ya maji, maana yataoza.

Muulize mtoto: "Kitatoka nini kwanza, mzizi au jani? Utatokea upande gani?" Mwache akisie. Mwandike kisio lake kwenye karatasi, au mwache alichore mwenyewe. Kila asubuhi atazame. Baada ya siku chache ataona. Halafu mwambie aligeuze harage moja, mzizi wake utazame juu. "Sasa mzizi utakwenda wapi?" Mwache angoje siku mbili tatu aone.

Mtoto akizoea, weka makopo matatu. La kwanza lina maharage na kitambaa chenye maji, liko penye mwanga. La pili lina maharage na kitambaa kikavu, nalo liko penye mwanga. La tatu lina maharage na kitambaa chenye maji, lakini limefunikwa, liko gizani. Muulize: "Yapi yataota?" Watu wazima wengi hukosea kisio la kopo la tatu. Jaribu na wewe. Kisha mlinganishe rangi na urefu wa miche.

Kutoka hapo mtoto anaweza kuisaidia familia nzima. Kabla ya msimu wa kupanda, chukua punje 10 za mahindi kutoka kwenye mbegu uliyohifadhi. Usichague nzuri tu, chota bila kuchagua. Zifunge ndani ya kitambaa kilicholowa, kitambaa kisikauke. Baada ya siku 7 mfungue, mtoto ahesabu zilizoota. Zikiota 9, mbegu yako ni nzuri. Zikiota 5 tu, maana yake nusu ya shamba lako haitaota. Itakubidi utafute mbegu nyingine mapema, mvua haijaanza. Ukitaka uhakika zaidi tumia punje 100, nazo zitakazoota ndizo asilimia yako. Zikiota 85, ni asilimia 85.

Hebu fikiri. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili inaweza kuiokoa nyumba na njaa. Mtoto aliyeona jambo hilo kwa macho yake hataona kwamba hesabu na sayansi ni mambo ya kukariri.

Onyo: mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi zisishikwe na watoto. Dawa hiyo ni sumu.

SOMO LA TATU: VILUWILUWI

Hapo zamani watu wa nchi nyingi waliamini kwamba homa ya malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Hata neno lenyewe malaria, kwa Kiitaliano, maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi aliyekuwa akifanya kazi India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Alipasua mbu mmoja baada ya mwingine na kuwatazama kwa hadubini, siku baada ya siku. Alijua kwa kutazama na kutokata tamaa.

Mtoto wetu hana hadubini, lakini anaweza kuona sehemu ya habari hiyo.

Nenda naye kwenye dimbwi au ndoo ya zamani yenye maji ya mvua yaliyokaa. Tazameni vinavyochezacheza ndani ya maji. Hivyo ni viluwiluwi. Choteni vichache pamoja na maji yake, mtie kwenye chupa ya kuonekana ndani. Funikeni mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi, mfunge kwa kamba, pasibaki nafasi hata ndogo. Hili ni sharti, si hiari. Wekeni kivulini.

Kila siku mtoto atazame na kuchora. Muulize: "Vinakaa wapi zaidi, juu au chini ya maji? Ukigonga chupa vinafanya nini? Vinapanda juu kufuata nini?" Ataona kwamba kila mara vinarudi juu. Vinafuata hewa ya kupumua. Aangalie pia vinavyokaa pale juu. Viluwiluwi vya anofelesi, yaani mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Vya mbu wengine wengi huning'inia, kichwa chini.

Baadaye vitabadilika umbo. Vitajikunja kama mkato, ile alama tunayoiandika katikati ya sentensi. Halafu asubuhi moja mtoto atakuja mbio: "Bibi! Ndani ya chupa mna mbu!" Usimweleze. Muulize: "Chupa si tuliifunga? Wameingiaje?" Mwache afikiri mpaka aseme mwenyewe kwamba hawakuingia, bali wametoka majini. Tangu yai mpaka mbu mwenye mabawa, mara nyingi ni kati ya wiki moja na wiki mbili.

Mkiisha kuona, msifungue chupa. Miminieni maji ya sabuni kupitia kitambaani, mtikise mpaka mbu wafe, kisha mmwage.

Sasa mwulize mtoto: "Hapa kwetu maji yamekaa wapi?" Mwache azunguke kiwanja. Ataleta habari za kifuu cha nazi, kopo, tairi bovu, na nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Anofelesi hupenda zaidi maji yaliyotuama chini, kama vidimbwi na nyayo za ng'ombe. Katika makopo na matairi huzaliwa zaidi mbu wengine, wakiwamo wanaoeneza homa ya dengi. Yote yafukiwe au yamwagwe. Mitungi na mapipa ya maji yafunikwe.

Tangazo la afya huweza kubandikwa ukutani mwaka mzima na watu wakalipita. Lakini mtoto aliyemwona mbu akizaliwa kwenye chupa yake atamwaga maji ya kopo bila kuambiwa. Malaria huua watoto wadogo kuliko watu wazima, hasa walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo huyu mwanafunzi mdogo anamlinda mdogo wake. Hata hivyo, kumwaga maji hakutoshi. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa, na mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu bila kukawia.

KIJANA AMBAYE HAKUNYAMAZA

Pengine unajiuliza: je, swali la mtoto linaweza kuwa na maana kwa wataalamu? Ipo habari ya kweli ya hapa hapa nchini.

Mwaka 1963 kijana mmoja, Erasto Mpemba, alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye friji. Siku moja nafasi katika friji ilikuwa inakwisha. Mpemba akaona asingoje, akatia maziwa yake yangali ya moto. Mwenzake naye alikuwa ametia maziwa ambayo hayakuchemshwa. Walipokwenda kutazama, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Akauliza: imekuwaje maziwa ya moto yagande mbele ya yaliyo baridi? Aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya juu, huko Iringa, akauliza tena. Akachekwa. Siku moja mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile mbele ya watu wote. Wenzake wakamcheka tena. Lakini Osborne hakucheka, wala hakusema kwamba analijua jibu. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala katika jarida la walimu wa fizikia. Leo duniani kote jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba. Wataalamu wangali wanabishana: hutokea wakati gani, na sababu yake ni nini?

Watu wawili walitenda vema hapo. Mmoja ni kijana aliyeuliza mara ya tatu, ingawa alikwisha kuchekwa. Wa pili ni msomi aliyekubali kujaribu kabla ya kukataa. Sisi wazazi tunaweza kuwa kama huyo wa pili. Haihitaji digrii. Inahitaji kusema tu, "Haya, tujaribu."

MAMBO YA KUANGALIA

- Mtoto asionje jani, mbegu, tunda la porini wala dawa asiyoijua.
- Mafuta ya taa, dawa za mimea, betri kuukuu na vioo vilivyovunjika si vitu vya kujaribia.
- Jaribio lenye moto au maji ya moto lifanywe na mtu mzima, mtoto atazame.
- Baada ya kushika udongo, wadudu au maji machafu, mikono inawe kwa sabuni.
- Mtoto akikisia vibaya, usimcheke. Kukisia vibaya si kosa. Kosa ni kusema umeona usichokiona.
- Jibu ukilijua, usiliseme upesi. Mpe nafasi alitafute.
- Swali likiwazidi wote wawili, liandikeni. Mtoto alipeleke kwa mwalimu pamoja na yale mliyoyaona.

MANENO MAPYA

Kisio: jambo unalofikiri litatokea kabla ya kulijaribu.
Jaribio: kazi inayofanywa ili kuona kama kisio ni kweli.
Hadubini: chombo cha kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.
Kulinganisha: kuweka vitu viwili pamoja ili kuona vinavyofanana na vinavyotofautiana.
Sambamba: kwenda au kulala upande mmoja bila kukutana, kama mistari ya daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, wewe ulipokuwa mtoto, ulipouliza swali ulijibiwaje? Ilikusaidia au ilikuzuia?
2. Taja hatua nne za sayansi. Toa mfano mmoja kutoka shambani kwako.
3. Swali hili ni la mdomo au la mikono: "Mvuke ni nini?" Ligeuzeni liwe swali la mikono.
4. Katika jaribio la makopo ya mchanga, ni jambo gani moja tu lililobadilishwa?
5. Punje 20 za mahindi zilifungwa kwenye kitambaa kilicholowa. Zikaota 14. Hiyo ni asilimia ngapi? Je, wewe ungeipanda mbegu hiyo?
6. Kwa nini kufunika chupa ya viluwiluwi ni sharti?

KAZI YA WIKI HII

Wiki hii sikiliza maswali ya mtoto mmoja nyumbani kwako. Andika matatu kwenye daftari lako, kwa maneno yake mwenyewe. Chagua moja. Ligeuze liwe swali la mikono, mlijaribu pamoja naye. Andika mlichokisia na mlichokiona, uende nacho kwenye kikundi chenu cha kusoma.

Kuuliza si ujinga. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima twajua hivyo kuliko wengine. Tulikubali kusema hatujui, tukajifunza. Basi tusiwaonee haya watoto wetu kwa neno hilo hilo.